Dodoso kwenye Njia ya Urambo

Watu wa Tabora tumezoea kuulizwa maswali. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857 wakiulizia umbali wa maziwa na bei ya pembe. Baada yao wakaja wamisionari, wakaja Wajerumani waliopima njia ya reli mpaka ikatufikia 1912, wakaja Wabelgiji walioteka mji Septemba 1916, kisha Waingereza na madaftari yao ya kodi. Kila aliyepita aliuliza, akaandika, akaenda zake. Ndiyo maana nilipokabidhiwa dodoso la usalama, miaka ya mwanzo ya 2000, sikuwa na hofu ya kufukuzwa. Mnyamwezi hamfukuzi mgeni. Atakupa kigoda na maji ya kunywa, atakuuliza habari za mjini, na jioni utaondoka hujaambiwa kitu.

Nilikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na mshahara wa mwalimu wa wakati ule hauhitaji maelezo. Rafiki yangu akanidokeza kuwa kuna watafiti wanatafuta wadadisi wanaojua Kinyamwezi, kazi ya likizo, posho ya siku. Nikaenda. Hapo ndipo nilipojua kwamba duniani kuna watu ambao kazi yao ni kuishauri serikali juu ya ulinzi na usalama wa raia, na wenyewe si askari, si watumishi wa serikali, wala si wafanyabiashara wanaogawana faida. Wanauliza, wanahesabu, wanaandika ripoti, wanaipeleka wizarani. Nilidhani ni majasusi. Mama yangu mzazi aliendelea kudhani hivyo miaka yote, na alinisihi nisilete karatasi zile nyumbani.

Magharibi ya nchi wakati huo haikuwa shwari. Vita vya Burundi na Kongo vilisukuma watu kuvuka mpaka, na bunduki zikavuka nao. Mabasi ya Kigoma na Kagera yalisafiri kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha. Machi 2000 nchi za ukanda wetu zilitia saini Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo, na mwaka uliofuata Tanzania ikatangulia wenzake kwa kuwa na mpango wa taifa wa kuzidhibiti. Serikali ilisaidiwa katika kazi ya kuchora sura ya tatizo mikoani na mashirika mawili ya utafiti, SaferAfrica ya Pretoria na Saferworld ya London. Nililofanyia kazi mimi lilikuwa jingine, dogo, na jina lake halina umuhimu hapa. Lakini swali lilikuwa lile lile kwa wote: silaha zipo wapi, ziko mikononi mwa nani, na wananchi wanajisikiaje?

Dodoso letu liliandikwa na watu wenye akili nyingi ambao hawajawahi kulala kijijini. Baada ya jina la kijiji na umri wa mkuu wa kaya, swali lilikuja moja kwa moja: je, kuna bunduki katika kaya hii? Visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Kijiji kimoja, mbele kidogo ya Urambo ukielekea Kaliua, kila nyumba ilijibu hapana. Nikafika kwa mzee mmoja ambaye eneo zima lilimjua kuwa fundi. Niliongozana na mtendaji wa kijiji, kama barua ya mkoa ilivyoagiza. Tukaamkiana, mwangaluka kwa mwangaluka, habari za mifugo, habari za mvua, kisha nikafungua karatasi.

"Babu, kuna bunduki hapa nyumbani?"

"Bunduki? Hapana, Mwalimu. Bunduki wanazo serikali."

Juu ya kichwa chake, kwenye boriti ya baraza, gobore lilikuwa limelazwa, mtutu wake umefungwa kitambaa chekundu kuzuia vumbi. Mtendaji alikuwa akiwatazama kuku kwa makini yasiyo ya kawaida. Nikatia alama kwenye hapana, maana hilo ndilo jibu nililopewa.

Mtendaji alipoitwa kuamua ugomvi wa mbuzi, mzee akanyoosha mkono mwenyewe na kulishusha. Kitako kilichongwa kwa mninga, kimeng'aa kwa miaka ya kushikwa. Mtutu ulikuwa bomba lililowahi kuwa sehemu ya gari. Na pale penye kifyatulio palikuwa na kipande cha shaba kilichopigwa nyundo kwa ustadi ambao sijauona kwa mafundi wengi wa mjini. Akaniambia amekirithi kitako kwa baba yake, mtutu ameubadilisha yeye.

"Hili ukiliandika bunduki," akasema, "kesho linakuja gari. Usipoliandika, ngiri wanakula mahindi yangu, na wewe umeandika uongo. Sasa andika, wewe ndiye uliyesoma."

Nikaandika pembeni ya karatasi, nje ya visanduku: gobore, la shambani, haliogopwi na majirani. Tangu siku hiyo pembeni mwa karatasi zangu pakawa panajaa kuliko katikati. Jioni, tukiwa tumekusanyika nyumba ya wageni, niliwaona wenzangu nao wameanza kuandika pembeni, kila mmoja kwa mwandiko wake, bila kuambiana.

Ukweli ni kwamba magobore ya Unyamwezi hayakuanza na vita vya Burundi. Yalipanda njia ya misafara kutoka Bagamoyo, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu, na yaliyoharibika yakawafundisha wahunzi wetu kutengeneza ya kwao. Mtemi Mirambo aliijenga himaya yake ya Urambo kwa askari wake, rugaruga, waliobeba silaha hizo. Na jambo ambalo waandishi wa dodoso letu wangelipenda kulijua ni kwamba mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels na kutoka na Mkataba wa 1890, uliozuia uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, yalitenganisha waziwazi bunduki za kisasa na gobore la jiwe la kiberiti. La pili liliweza kuruhusiwa kwa masharti. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Walitaka bunduki nzuri zibaki kwao. Lakini walau walijua kwamba vitu viwili hivi havihesabiwi pamoja. Miaka mia na zaidi baadaye, karatasi yangu ilikuwa na swali moja tu kwa vyote viwili.

Nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Kwihara, jirani na mji, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Wanafunzi hupenda habari za Livingstone. Mimi nilipenda zaidi kisa cha mwaka mmoja kabla yake, nacho ni kisa cha ushauri wa ulinzi. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe, yaani wa Tabora, wakakaa baraza, na Khamis bin Abdullah akasimama kutaka vita. Hesabu yao ya watu na bunduki ilikuwa nzuri, na Stanley naye, akiwa na haraka ya kupita, akaungana nao. Agosti 1871 kikosi kikaingia boma la Ulyankulu, kikachukua pembe na mateka. Mirambo alikuwa ameshatoka kwa lango jingine. Akajificha na watu wake kwenye majani marefu, pande mbili za njia ambayo kikosi kingerudia, na wale waliokuwa wamelemewa na nyara wakauawa kwa wingi. Mwezi huo huo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis akafa siku hiyo. Baraza lile lilijua idadi ya bunduki zake lenyewe hadi ya mwisho. Halikumuuliza mchunga mbuzi wa Ulyankulu kwamba boma lina malango mangapi.

Mfano wa karibu zaidi na sisi wa kutouliza ni Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Dar es Salaam na siku ya pili wenzao wa kambi ya Tabora wakafuata. Kisa kilikuwa mishahara na maafisa wa Kiingereza. Wazee wa mji waliokuwa wakiwauzia askari maziwa na tumbaku wanasimulia manung'uniko yale kama habari ya kawaida iliyokuwa ikisikika sokoni kila mwisho wa mwezi.

Turudi kwenye dodoso. Tatizo la pili lilikuwa kibali. Ili uingie kijijini unahitaji barua ya utafiti, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, muhuri wa wilaya, saini ya mtendaji wa kata, na mwisho mtendaji wa kijiji mwenyewe, ambaye kwa heshima hukusindikiza. Utaratibu huu una sababu zake. Mtu hawezi kuzuka tu na kuanza kuwauliza watu habari za silaha. Lakini ukishasindikizwa, umeshakuwa serikali. Nguvu pekee ya shirika la namna hii ni kwamba haliwezi kumkamata mtu, na nguvu hiyo inaisha pale mwananchi anapoona umekaa na mwenye muhuri. Sijawahi kuona mtu aliyelimaliza tatizo hili. Nimeona wanaoliishi vizuri. Mmoja wao alikuwa dada mmoja wa timu yetu, mzaliwa wa Sikonge, ambaye alikuwa akimaliza dodoso rasmi barazani mbele ya mtendaji, kisha anaomba maji ya kunywa, anafuata ndoo kisimani na akina mama, na huko ndiko anakoifanya kazi yenyewe.

Kisimani hawakuulizwa bunduki. Waliulizwa ni saa ngapi hawapiti njia fulani, na kwa nini. Majibu yalimwagika. Njia ya kwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku usiku, wakati moto hauruhusiwi kuzimika na lazima mtu akeshe. Stendi saa basi la mwisho linapofika. Na zaidi ya yote, siku za malipo ya tumbaku. Wakati ule mkulima alilipwa fedha taslimu kupitia chama cha msingi, na mama mmoja akasema kwa ukali kwamba majambazi huijua siku ya malipo kabla ya mume wake. Sentensi hiyo niliikuta pembeni ya karatasi ya yule dada, imepigiwa mstari. Kwangu mimi ilikuwa na thamani kuliko jedwali zima. Ilisema silaha zinakuja kwa kalenda, na kalenda hiyo kuna mtu anaiuza. Mshauri wa usalama aliyeisikia angeweza kupendekeza jambo ambalo halihitaji askari hata mmoja: badilisheni namna ya kulipa.

Haikufika kwenye ripoti. Waliokuwa wakiingiza takwimu kwenye kompyuta waliingiza visanduku. Nilipouliza, nikaambiwa kwa upole kwamba malipo ya tumbaku ni suala la kilimo, na maandishi ya pembeni hayawezi kuhesabiwa. Ripoti ilitoka na jedwali safi lililoonyesha kwamba vijiji vya magharibi ya Tabora karibu havina bunduki. Miaka mingi baadaye, benki na simu zilipoanza kupeleka fedha kwa wakulima moja kwa moja, nilimkumbuka yule mama.

Katika kazi hiyo hiyo nilisoma habari za jeshi la majini la Marekani, kitu ambacho mtu wa Tabora, aliye mbali hivi na bahari, hana sababu ya kukijua. Mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli zao, na wakaita wanasayansi raia chini ya Philip Morse, mwanafizikia wa MIT. Watu wale waligundua mapema kwamba taarifa zinazofika makao makuu zimeshanyooshwa njiani, kwa hiyo wakaanza kutumwa vituoni, kukaa na marubani na mabaharia wenyewe. Kutokana na kundi hilo likaja kuzaliwa shirika lisilo la faida liitwalo CNA, ambalo mpaka leo linashauri jeshi lile na hata idara za polisi na za maafa, na bado linawapeleka wachambuzi wake kuishi na makamanda. Kilichonivutia ni kule kukaa. Sisi tulikuwa tunafika saa nne asubuhi, gari likiunguruma nje, na saa tisa tunaondoka kabla barabara haijawa ya hatari, yaani tunaondoka kabla ya saa zile zile ambazo tumekuja kuziulizia.

Kuna utafiti mwingine wa usalama ambao haukusubiri dodoso. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama, baada ya vita vya Kagera kuacha bunduki mitaani na wizi wa ng'ombe kushika kasi, wanavijiji walijiunda wenyewe: upinde, mishale, filimbi, na kiongozi waliyempa cheo cha mtemi. Sungusungu wakaenea Nzega, Igunga, Tabora, mpaka Usukumani kote. Mahakama ziliwatazama kwa shaka, viongozi wa chama tawala, Nyerere akiwamo, wakawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ray Abrahams wa Cambridge, aliyekuwa akiwajua Wanyamwezi tangu miaka ya 1950, aliandika juu yao mwaka 1987, na maandishi yake yamedumu kwa sababu alikuwa ameshakaa na watu hawa muda mrefu kabla tatizo halijawa mada. Sisemi sungusungu walikuwa malaika. Walipiga watu, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi walifukuzwa vijijini mwao kwa amri zao. Ila walijua kitu ambacho ramani za wilaya hazikukionyesha: njia ambazo ng'ombe wa wizi hupitishwa. Mzee mmoja wa Igunga alinichorea njia hizo mchangani kwa ncha ya mshale, na nilizifuata baadaye kwenye ramani ya zamani ya misafara. Sehemu kubwa zilikuwa zile zile, kwa sababu maji yapo pale pale.

Mwaka 2013 nchi nzima iliona kinachotokea pale ambapo tofauti kati ya gobore la ngiri na bunduki ya jangili haiko kwenye karatasi ya mtu yeyote. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba kupambana na ujangili, na ndovu walikuwa kweli wanakwisha. Lakini malalamiko ya mateso, vifo na mali kuharibiwa yalijaa bungeni kiasi kwamba ikasitishwa baada ya wiki chache, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Siwezi kusema ripoti moja yenye maandishi ya pembeni ingeliokoa jambo hilo. Ninachosema ni kwamba ofisa anayepelekwa porini na jedwali linaloonyesha sifuri, akakuta gobore kwenye boriti, ana sababu zote za kuamini kwamba kijiji kizima kilimdanganya.

Baadaye mambo yamekwenda kwa namna nyingine. Sheria mpya ya silaha ilikuja 2015, na mwaka 2022 na 2023 serikali ikatangaza vipindi vya msamaha ili watu wasalimishe silaha kwa hiari. Magobore yalikuwa miongoni mwa silaha zilizoletwa. Nilikwenda kuangalia siku moja, nikiwa mstaafu asiye na kazi. Yalikuwa yamepangwa chini kwenye turubai, na watu walikuwa wakiyatazama kama watu wanavyotazama vyombo vya marehemu. Kijana mmoja aliuliza ngiri watazuiwa na nani sasa. Hakujibiwa, lakini swali lake lilikuwa swali la usalama, na sidhani kuna fomu iliyokuwa na nafasi yake.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtafiti wa taasisi moja ya Dar es Salaam, alinipigia simu. Wanarudi njia ya Urambo na Ulyankulu, safari hii na vishikwambi badala ya karatasi. Akanitumia rasimu ya maswali. Nikamwambia aondoe bunduki ukurasa wa kwanza, aanze na saa na njia, akakubali. Nikamwambia Ulyankulu asiwaulize watu walikotoka, maana makazi yale yalifunguliwa 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, wengi wao walipewa vyeti vya uraia mwaka 2014, na kila lilipotajwa neno silaha katika wilaya zile wao ndio waliokuwa wakitazamwa kwanza; akakubali pia, baada ya kubishana kidogo.

Tulipokwama ni kwenye gobore. Yeye anataka safu tatu: bunduki za kivita, bunduki zenye leseni, na "nyinginezo". Anasema wizara haisomi zaidi ya safu tatu, na pengine anasema kweli, yeye ndiye anayekaa nao mezani. Mimi nataka gobore liwe na safu yake, na chini yake swali moja: ukilisalimisha, shamba lako utalilindaje? Amenijibu kwamba hilo ni swali la kilimo. Nimemwambia aje Tabora tulimalizie hapa, na asije na gari.